Mbegu Zimehifadhiwa Muguga, Mapishi Yamehifadhiwa Wapi?

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukaishika barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, ukapita Westlands, ukaiacha Kangemi na Uthiru nyuma yako, hatimaye utafika Muguga, karibu na mji wa Kikuyu. Hapo pana hazina ambayo wanafunzi wengi hawaijui, nayo ni benki ya taifa ya mbegu. Ndani yake mbegu za nafaka na za mboga za kienyeji zimekaushwa, zikafungwa zisiingiwe na unyevu, zikawekwa kwenye baridi kali, ili hata ukija ukame au ugonjwa wa mimea, taifa lisibaki mikono mitupu. Ni kazi ya busara na wanaoifanya wanastahili pongezi. Lakini kila niifikiriapo, swali moja hunijia. Tukishaitunza mbegu ya saga kwa miaka hamsini, kisha tukaipanda, ikaota na kutoa majani, ni nani atakayejua kuyapika?

Swali hili si la mzaha. Saga, ambayo Waluhya huiita tsisaga, Wajaluo akeyo, Wakisii chinsaga na Wakikuyu thageti, ni mboga chungu. Asiyeijua akiikaanga kwa kitunguu na nyanya kwa dakika tano, kama afanyavyo sukuma wiki, ataitema na kuapa kwamba wazee wetu walikula lishe ya ng'ombe. Aijuaye huichemsha kwanza, akaitia maziwa, akaiacha ilale, akaipasha kesho yake na kuiongeza maziwa, na huenda asiipakue hadi siku ya tatu. Uchungu haukuisha, bali umefugwa. Tofauti baina ya chakula na takataka hapa haiko shambani. Iko katika elimu iliyomo kichwani mwa mpishi, na kichwa cha mpishi hakina ghala la baridi la kukihifadhi.

Naandika makala haya kuwahimiza walimu na wanafunzi, hasa wa shule za mitaa ya magharibi mwa Nairobi, waianze kazi ya kuyaandika mapishi ya majumbani mwao na kuyaweka mahali yatakapopatikana na wengine. Nasema mapema pia kwamba kuorodhesha viungo si kuandika mapishi. Lugha yetu yenyewe inatuonya: neno "mapishi" hubeba kile kinachopikwa, namna kinavyopikwa, na maelezo ya kukipika, yote kwa pamoja. Yamkini hatukuona haja ya kuyatenga kwa sababu aliyekuwa na moja alikuwa nayo yote.

Si kwamba Nairobi haijapata kuandika mapishi. Imeandika, tena zamani. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's la jijini humu kilichapisha kitabu cha mapishi na maarifa ya nyumbani kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Kitabu hicho kilipendwa, kikachapishwa tena na tena kwa miongo kadhaa. Ndani yake mlikuwa pia na maneno ya Kiswahili ya kumwagizia mtumishi, maadamu bibi aliyekisoma kitabu aghalabu hakuwa ndiye aliyesimama mbele ya jiko. Aliyesimama pale alikuwa Mwafrika, ambaye jina lake halikuwa na nafasi kitabuni.

Mwaka huohuo wa 1928, katika shamba la kahawa lililokuwa chini ya milima ya Ngong, pale ambapo leo ni mtaa wa Karen, mrithi wa ufalme wa Uingereza alialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa Karen Blixen. Mpishi wa nyumba hiyo alikuwa kijana wa Kikuyu aitwaye Kamante Gatura. Blixen mwenyewe anasimulia, katika kitabu chake cha mwaka 1937, kwamba Kamante hakujua kusoma wala kuandika, na kwamba mapishi yote ya Kizungu aliyofunzwa aliyahifadhi kichwani kwa kuyapa majina ya matukio ya siku alipofunzwa. Mchuzi mmoja aliukumbuka kwa radi iliyoupiga mti siku hiyo, na mwingine kwa farasi aliyekufa. Wala hakupata kuuchanganya huu na ule. Mwanafunzi atakayecheka hapa na ajiulize yeye hukumbuka kwa hila gani kanuni za hesabu usiku wa kuamkia mtihani.

Kamante alikuwa na nyaraka zake na fahirisi yake, na kwa jinsi tunavyoambiwa, fahirisi hiyo ilifanya kazi vyema. Lakini ilikuwa na msomaji mmoja tu. Angalia basi jinsi mambo yalivyopangika: supu na michuzi ya mgeni ilipata kitabu kilichochapishwa, na juu ya kitabu ikapata kichwa cha Mwafrika cha kuikumbuka. Chakula alichopikiwa Kamante na mama yake utotoni hakikupata mtu wa kukichapishia kitabu hapa jijini. Kilidhaniwa hakina haja. Kila mwanamke alikijua, na kinachojulikana na kila mtu hakuna anayekiandika.

Baada ya Uhuru mambo hayakunyooka mara moja. Wengi wetu tuliosoma shule za mjini tunakumbuka jinsi mtoto aliyeleta managu au mrenda katika kibakuli chake cha mchana alivyochekwa. Mboga za kienyeji zilihesabiwa kuwa alama ya umaskini na ushamba. Mkate na siagi ulikuwa ustaarabu. Dharau hiyo iliathiri zaidi ya vibakuli. Ilimfanya binti asimwulize mama yake, na mama asimfundishe binti, kila mmoja akidhani anamsitiri mwenziwe.

Waliosimama kuizuia hasara hiyo walitoka hasa katika Makumbusho ya Taifa, pale kilimani mwa Museum Hill. Mwaka 1995 makumbusho hayo yalianzisha kituo cha kushughulikia maarifa ya jadi. Mwaka 1999 kilitoka kitabu kikubwa cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye kuhusu mimea ya vyakula vya asili ya Kenya, chenye majina ya mimea hiyo katika lugha zetu mbalimbali. Kwa jumla, katika jitihada hizo za kuorodhesha, mimea ya asili ipatayo 850 imeandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji, na mapishi yakaandikwa kwa kina. Kisha likaja jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. UNESCO, ikishirikiana na Idara ya Utamaduni na Makumbusho ya Taifa, ilianzisha mradi wa majaribio ambamo watoto wa shule za msingi walishirikishwa katika kukusanya habari za vyakula vya jamii zao. Jamii mbili zilihusika, Waisukha wa Kakamega na Wapokot wa Pokot Mashariki kule Baringo. Mwaka 2013 ulichapishwa mwongozo wa kuonyesha jinsi kazi kama hiyo inavyofanywa, na mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza kazi yote hii ya Kenya katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi usioshikika.

Naomba msomaji asiipite habari hiyo haraka. Jambo ambalo dunia ilikuja kulisifu lilifanywa kwa mikono ya watoto wenye kalamu na daftari, waliorudi nyumbani na kumwuliza bibi: hiki huitwaje, huchumwa lini, hupikwa vipi, ni nani asiyeruhusiwa kukila? Hawakuhitaji maabara.

Sasa, shule za Nairobi zina udhuru gani? Husemwa kwamba mjini hakuna utamaduni, na kwamba mwenye kutaka chakula cha asili aende mashambani. Anayesema hivyo hajapita soko la Kangemi jioni. Kandokando ya njia, kina mama huketi wakichambua saga, managu, kunde, terere na mrenda, jani moja baada ya jingine, huku wakizungumza na wanunuzi kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha tatu au nne. Mteja ni Mkamba, muuzaji ni Mmaragoli, jirani yake ni Mkikuyu wa Dagoretti. Nilisimama siku moja karibu na mama mmoja aliyekuwa akifungasha mrenda na majani ya kunde katika mfuko mmoja, nikamwuliza kwa nini ayachanganye.

"Mwalimu, kunde peke yake ni kavu, itakukwama," alinijibu bila kuinua macho. "Mrenda ndio unaiteremsha."

"Na magadi, mama, unatia kiasi gani?"

"Kiasi tu. Ukiona povu limepanda na rangi imekaza, basi. Lakini hii magadi ya duka si kama ya nyumbani. Ya nyumbani tulikuwa tunachuja jivu."

Katika majibu yale mafupi yamo mambo ambayo mwalimu wa kemia angeweza kuyafundisha kwa wiki nzima. Chumvi ile ya jivu, ambayo Waluhya huiita musherekha, hutengenezwa kwa kuchoma maganda makavu ya maharagwe, magunzi ya mahindi au maganda ya ndizi, kisha jivu likatiwa katika chombo chenye matundu, likamwagiwa maji, na maji yakadondoka taratibu chini yakiwa na rangi ya chai. Maji hayo ni besi, kwa kuwa jivu la mimea lina kaboneti ya potasiamu kwa wingi. Yakiingia chunguni hulainisha kuta za seli za majani magumu, ndiyo maana kunde iliyokomaa huiva upesi. Huzuia pia ukijani usiharibike, kwani ni asidi inayoligeuza jani kuwa la rangi ya kahawia likichemshwa. Hiyo ndiyo "rangi imekaza" ya yule mama. Upande wa pili wa shilingi nao upo: besi ikizidi huangamiza vitamini C na baadhi ya vitamini B. Kwa hiyo "kiasi tu" ni kipimo cha kweli. Macho ya mpishi hulitazama povu na rangi kama vile macho ya mwanafunzi yanavyoitazama karatasi ya litimasi.

Magadi ya duka hayana mchanganyiko uleule wa chumvi kama jivu lile, na ndiyo maana mama yule alisema si sawa. Lakini nani Kangemi, katika chumba kimoja cha kupanga, atapata mahali pa kuchoma maganda ya maharagwe? Basi mapishi yamebadilika. Kuna mrenda wa Shinyalu na kuna mrenda wa Kangemi, na huu wa pili haujaandikwa popote ninapopajua. Ule wa kwanza angalau ulipata watoto wa Kiisukha. Hapa ndipo ninapoona wajibu wa shule zetu ulipo. Mapishi ya mashambani yakifika Nairobi hukutana, huazimana na kugeuka. Mwanamke wa Kikuyu hujifunza kutia maziwa katika managu kutoka kwa jirani yake Mjaluo. Mluhya naye hutia majani ya malenge katika mukimo wa jirani akaupeleka nyumbani kwake. Pilau imekwisha kutoka pwani ikawa chakula cha kila harusi ya Nairobi, ingawa pilau nyingine nilizoandaliwa mitaani humu zingemfanya mtu wa Lamu alie.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, kwamba upishi hauandikiki, hujifunzwa kwa kutazama. Anasema kweli kwa nusu. Kutazama kunahitaji mtazamaji na mtazamwa wawe mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mtoto wa Kawangware huondoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likizama. Mama yake hurudi saa mbili au saa tatu za usiku kutoka kazini, na kinachopikwa saa hizo ni kile kinachoiva upesi. Mboga ya siku tatu haina nafasi katika ratiba hiyo. Bibi yuko mbali, na likizo ni fupi, na nauli hupanda kila Desemba. Zamani mtoto alijifunza bila kufundishwa, kwa kuwa tu alikuwapo. Siku hizi hayupo. Ikiwa hakuna wa kutazama, basi heri ya karatasi kuliko kukosa vyote viwili.

Karatasi lakini iandikwe sawasawa. Hapa nina kero yangu na vitabu vingi vya mapishi viuzwavyo madukani, ambavyo hukupa gramu na dakika kana kwamba jiko ni duka la dawa. Mpishi wa Kangemi hapimi kwa gramu. Hupima kwa gorogoro, kwa konzi, kwa fungu la shilingi kadhaa. Wanafunzi watakaokusanya mapishi wasivifute vipimo hivyo wakidhani wanayasafisha maandishi. Waviandike jinsi vilivyotamkwa, kisha kando yake waeleze maana yake: gorogoro ni mkebe wa takriban kilo mbili, ambao kwanza ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia kabla haujawa kipimo cha mahindi sokoni. Miaka arobaini kutoka leo mkebe huo huenda usiwepo, na asomaye "gorogoro moja ya mtama" atabaki kukisia. Fungu la shilingi ishirini nalo hunyauka kila mwaka bei zinapopanda, kwa hiyo bila tarehe halimaanishi kitu. Vivyo hivyo chungu na sufuria, kuni na makaa na gesi: kila kimoja huleta ladha na muda wake, na havibadilishiki ovyo. Katika baadhi ya mapishi kosa la hatua moja si la ladha tu. Muhogo mchungu usiporowekwa au kuchachushwa ipasavyo una sumu ya sianidi, na orodha ya viungo haiwezi kumwonya mtu kuhusu hilo, maana kiungo ni kimoja tu.

Mwingine atauliza kuhusu wizi, na hili halipaswi kupuuzwa. Katikati ya jiji zimo hoteli ambamo sahani ya saga huuzwa kwa bei ambayo mama wa Kangemi hupata kwa kuuza mafungu mengi mno, na hakuna anayetaja ni nani aliyeifunza hoteli kuipika. Tukiyaanika mapishi, je, hatutakuwa tumemvua mama yule hata kile alichobaki nacho? Nadhani kutoandika hakumlindi. Mapishi ya mama yake Kamante hayakuandikwa, na hakuna faida waliyoipata kwa kimya hicho. Kinachomlinda mwenye ujuzi ni jina lake kuwapo juu ya karatasi, kwa ridhaa yake, pamoja na mahali na tarehe, ili atakayenakili baadaye ajue ananakili kwa nani. Akikataa jina lisiandikwe, au akisema upishi fulani ni wa ukoo wake tu, mwanafunzi afunge daftari na kushukuru.

Yakishaandikwa yatawekwa wapi? Shule nyingi zina maktaba, hata ikiwa ni kabati moja lenye kufuli, na hapo ndipo pa kuanzia. Lakini makabati ya shule huliwa na mchwa na hufagiliwa kila anapokuja mwalimu mkuu mpya. Pana jengo lile la Nyaraka za Taifa kwenye barabara ya Moi, ambalo zamani lilikuwa benki, na ambalo maelfu ya watu hulitumia kama mahali pa kungojeana bila kuingia ndani. Idara hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965 kutunza hati za serikali. Hata hivyo, jengo hilo halina mafaili ya serikali peke yake. Mikusanyo ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, imo humo, na wageni hutoka mbali kuja kuitazama. Sioni kwa nini daftari thelathini za wanafunzi wa Kangemi zisiombewe rafu karibu na hati za mabwana wa wilaya. Mwanahistoria wa mwaka 2080 atakayetaka kujua watu wa Nairobi waliishi vipi atajifunza mengi zaidi katika daftari hizo kuliko katika barua za kuomba magari ya serikali. Nakala ya pili na iende Makumbusho, kwa wale waliokwisha kuifanya kazi hii.

Najua walimu wamechoka. Mtaala wa umilisi umeleta miradi mingi, na wazazi wamelalamika, pengine kwa haki, kwamba wanatumwa kununua rangi na manila kila wiki. Mradi huu hauhitaji manila. Unahitaji kurasa mbili, kalamu, na jioni moja na mtu mzima anayejua kupika. Mwalimu wa Kiswahili atapata insha ya maelezo yenye uhai kuliko zile za "Siku Ambayo Sitaisahau". Mwalimu wa sayansi atapata besi na asidi, na mwalimu wa jiografia atapata njia ambazo mboga hufuata kutoka magharibi mwa nchi hadi Wakulima na Kangemi.

Darasa langu lilijaribu muhula uliopita. Wavulana walisitasita mwanzoni, kisha wakawa ndio wenye maswali mengi. Wasichana wawili waliokaa dawati moja, wote wenye asili ya Nyanza, walileta upishi wa akeyo. Mmoja aliandika kwamba maziwa hutiwa baada ya maji kukauka kabisa. Mwingine aliandika kwamba maji yakikauka umekwisha kuiharibu. Walibishana kipindi kizima, kila mmoja akimtetea mama yake, hadi kengele ikalia. Nimezibandika karatasi zote mbili katika daftari la darasa, moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, na chini ya kila moja pana jina la mama, mtaa anaoishi, kijiji alikotoka, na tarehe.